Hoteli ya Bondeni

Jumatatu, 6 Oktoba. Bihambwe.

Aimée amepiga simu kutoka Kampala. Mtoto wake atabatizwa Jumapili ya tarehe 19. Furaha! Kisha balaa. Jina la ubatizo bado. Aimée anataka mtoto aitwe Eugène, yaani mimi, baba yake. Mume wake, Thierry, anataka aitwe Stéphane, yaani baba yake yeye, mfuga ng'ombe wa Mushaki. Wamebishana mpaka wamechoka. Wameamua babu wote wawili waje, na siku yenyewe moyo utasema.

Moyo! Moyo humfuata anayeshinda na mtoto mapajani. Na huyo atakuwa nani? Mimi siwezi kulala nyumbani kwa mkwe wangu, ni aibu, hata panya wa hapa wanajua. Lazima nitafute hoteli. Stéphane atalala kwa mwanawe kama mfalme.

Nilikuwa na Eugène mwingine. Mvulana wangu. Alikufa kwa surua ndani ya darasa moja kule Sake, mwaka ule tulipokimbia vita. Alikuwa na miaka minne. Tangu hapo jina hili halina mtu nyuma yangu. Nikifa, tunazikwa pamoja, mimi na jina. Nalitaka lipate mtu. Nimelisema mara moja. Sasa mipango.

Jumatano, 8 Oktoba

Sijawahi kuvuka mpaka. Lakini nimefika Goma, nimefika Butembo kwa wajomba, nimefika mpaka Hombo kununua mafuta ya mawese. Hoteli ya Kampala itanishinda nini?

Nimesimama saa nzima pale juu barabarani ambapo simu inashika, natazama picha. Wajinga wanatazama kitanda. Kila hoteli imeweka kitanda chenye taulo lililokunjwa kama bata. Mimi sitazami bata. Mimi natazama tutatokea wapi.

Hoteli ya mlimani, hapana. Mlimani ndipo wapiganaji wanapopandisha silaha. Karibu na mnara wa simu, hapana, huo ndio unaotakiwa kwanza. Karibu na kanisa au shule, hapana, siku ya shida panajaa watu mpaka unalala umesimama. Kwenye barabara kubwa, sahau kabisa. Wao wanapita wapi? Ghorofani pia hapana, mgongo wangu hauruki tena.

Nimeipata! Iko chini kabisa, bondeni. Haionekani kutoka popote. Ina mlango wa nyuma. Na nyuma ya mlango kuna mfereji mkubwa wa saruji, mkavu, mpana kama barabara, unakwenda mbali. Njia ya kukimbilia iliyosakafiwa! Uganda wameendelea.

Nimemtumia dada wa mapokezi ujumbe wa sauti. Kuta ni za matofali au mbao? Watu wa mtaa huo hukimbilia upande gani? Amenijibu kwamba wana maji ya moto. Nimeuliza tena. Amesema: "Mzee, hapa watu wanakimbia asubuhi tu, kwa mazoezi." Kukimbia bila sababu. Nchi ya ajabu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Soko la Mushaki. Nimekwenda kumwinda Stéphane. Huwa ananiita bamwana, mzazi mwenzake, na kunishika mkono kwa mikono miwili. Mnafiki.

Nimemwambia kwa huzuni kwamba nyumba ya watoto ni ndogo, Aimée ananyonyesha, baba mkwe hapiti pale usiku na fimbo yake akitafuta choo. Nilitegemea vita. Hakuna! Amesema nimemwokoa na aibu, yeye hakulifikiria hilo. Kisha: "Miye niko mutu ya ng'ombe, bamwana. Mambo ya hoteli sijue. Weye njo unajua dunia. Unichagulie."

Amejiweka mwenyewe kwenye mtego. Nimemchagulia kwa roho safi hoteli mbaya kuliko zote: juu ya kilima, kando ya barabara kubwa, mnara wa simu nyuma, shule upande huu, kanisa upande ule. Shetani mwenyewe hawezi kulala humo. Ameshukuru, akanipa maziwa. Nimeyanywa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemweleza mke wangu faida za mfereji. Léontine amesikiliza huku anapeta maharage. Akauliza: "Papa Aimée, tunaenda ku ubatizo ao tunaenda kukimbia?"

Mwanamke huyu haelewi maandalizi. Halafu nimemwona anatia sufuria ndogo ndani ya mzigo. Nimecheka. Hotelini wanapika, Mama Aimée! Amesema sufuria haijawahi kumuuliza mtu anakwenda wapi. Basi, ibaki.

Alhamisi, 16 Oktoba. Njiani.

Vizuizi vingi, vijana wengi, kila kizuizi na salamu yake. Sina la kuandika juu ya hayo.

Kwenye basi mambo yamekuwa mabaya zaidi. Zawadi yangu ni katoni ya sabuni. Zawadi ya Stéphane ni fromaji za Masisi, yaani jibini, nzima, za mviringo, ndani ya kikapu. Basi zima limenukia. Amekata moja akagawa kwa kila mtu, mpaka dereva. Dereva amempa kiti cha mbele, karibu na dirisha. Mimi nimekaa nyuma juu ya tairi, na sabuni yangu. Nani anagawa sabuni kwenye basi?

Alinihifadhia kipande kikubwa. Nimekila kwa hasira.

Ijumaa, 17 Oktoba. Kampala.

Thierry ametupokea kwa gari la rafiki yake. Tumempeleka Stéphane kwanza, hotelini kwake. Nilikuwa nimejiandaa kumhurumia. Upepo mzuri, maua, mji wote chini ya miguu yake. Kanisa la ubatizo ni lile lile la pembeni! Nyumba ya Aimée iko mtaa wa nyuma, anafika kwa miguu kabla chai haijapoa. Kwa nini sikuuliza? Niliuliza kila kitu isipokuwa hicho.

Sisi tumeteremka. Tumeteremka tena. Aimée ameniuliza kwenye simu: "Papa, kule chini munafwata nini?" Nimesema utulivu.

Chumba ni kizuri, ila dirisha lina vyuma. Nimeomba viondolewe. Dada wa mapokezi amesema vyuma ni kwa ajili ya wezi. Nimemwambia mwizi sio tatizo langu. Mlango wa nyuma una kufuli. Nimeomba ufunguo. Amekataa. Nimeomba tena baada ya chakula, na tena baada ya sala, mpaka amenitupia. Mfereji nimeukagua: mkavu, safi. Nimelala na viatu, mizigo mlangoni. Léontine amenicheka kidogo. Kisha nimemwona: viatu vyake naye hakuvua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumechelewa kufika kwa Aimée. Kutoka bondeni ni pikipiki mbili, na foleni. Stéphane alikuwa pale tangu asubuhi, mtoto amelala kifuani kwake, mate yanamtiririkia kwenye koti. Nimepewa mtoto. Amenitazama. Amelia. Stéphane amempokea. Amenyamaza.

Nimeumia. Sina neno lingine. Nimetoka nje nikajifanya natazama mnara wa simu.

Jumapili, 19 Oktoba. Kibaraza cha shule, sijui ya nani.

Mvua imeanza kabla ya kucha. Mvua ya kwetu nayo ni mvua, lakini kwetu maji hushuka yakaenda kwa watu wengine. Hapa watu wengine ni sisi.

Nimesikia kishindo na makelele. Nani alikuwa tayari? Sisi! Viatu miguuni, mizigo mgongoni, tuko koridoni wakati wageni wengine bado wanatafuta suruali. Dada wa mapokezi amesema hajawahi kuona wateja wanatoka haraka hivyo. Nimeringa. Nimefungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wangu, nikauacha wazi kwa heshima ili na wengine wapite.

Mfereji haukuwa njia tena. Ulikuwa mto, wenye magodoro na mbuzi mmoja. Maji yaliingia kwa mlango ule ule niliofungua. Kofia yangu ilikwenda. Tumerudi mbele, maji magotini, tukatoka barabarani, tukakimbia na watu. Kwetu huulizi. Unamfuata mwenye godoro kichwani. Tumemfuata mwenye godoro, akatuleta hapa.

Shule. Watu wanatandika madarasani. Léontine amefika mlangoni akasimama. Hakuingia. Mama mmoja alimvuta mkono kwa wema, hakuingia. Tumekaa nje kibarazani, manyunyu yanatupiga, sufuria juu ya magoti yake. Mimi pia darasa sikulitaka. Kuna mambo ambayo sisi wawili hatuyasemi.

Simu ilikuwa mfukoni mwa suruali, imekufa. Daftari hili na lese-pase, hati yetu ya kuvukia mpaka, vilikuwa kwenye plastiki, vimepona. Njia ya kwa Aimée siijui, tulikuwa tunaletwa. Nimetaka tutoke tukatafute. Léontine amesema: "Mahali mutu amekimbilia, njo anangojea." Basi tunangoja. Tumekuja ugenini kwa hoteli, siku ya tatu sisi ni wakimbizi. Léontine ameshauliza nani msimamizi wa kambi. Wamemwambia hii siyo kambi.

Saa nne kengele za kanisa zimelia huko juu kilimani. Nimezisikia zote. Sasa hivi wanamwita Stéphane. Mtoto mdogo, kichwa kimelowa, anaitwa Stéphane. Nimelia. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna aliyejua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tumepatikana! Asubuhi, Léontine akipika uji ndani ya ile sufuria na kuwagawia majirani, nimeona mtu anakuja na fimbo, suruali imejaa matope mpaka kiunoni. Stéphane. Thierry nyuma yake. Wamezunguka shule zote za bondeni tangu jana jioni.

Amenikumbatia akalia kwa sauti, mtu mzima. Nimejua mara moja: analia kwa sababu ameiba jina na dhamiri inamuuma. Nimemwambia aseme tu. Mtoto anaitwa nani?

Amesema: Eugène.

Nimekaa chini. Wamenieleza. Jana asubuhi Thierry alikuja kutuchukua, akakuta maji yamefika madirishani. Dada wa mapokezi akamwambia yule mzee wa ufunguo alifungua mlango wa mfereji, naye hajaonekana tena. Kofia yangu ilikutwa imenasa kwenye vyuma, chini mbali. Aliipeleka kanisani. Aimée alianguka. Alitaka ubatizo usimame. Stéphane ndiye aliyekataa. Alisema: "Mutoto abatizwe leo. Jina isiende na mwenyewe." Akambeba mtoto, padri alipouliza, akasema Eugène. Kisha akavua koti la sherehe, akashuka na Thierry kutafuta maiti zetu. Ni jioni ndipo alipokumbuka: "Watu ya kwetu wakikimbia, wanaendaka ku masomo." Wakaanza kuuliza shule.

Kwa hiyo nimepewa jina kama wanavyopewa marehemu. Sijui nishukuru au nikasirike. Mtu anayemlilia mwenzake hivyo, na fromaji zile, na lile koti! Ameshinda tena. Sasa Kampala nzima inamsifu Stéphane kwa jina langu.

Mchana nimempakata mtoto. Hakulia. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Nimemwita mara moja, polepole, kwa sababu jina hili sikuwa nimemwita nalo mtoto tangu Sake. Nimesema haya basi, Eugène amerudi kwa babu yake. Léontine amemchukua mikononi mwangu. Amesema: "Jina si yako, Papa Aimée. Iko ya mutoto yetu."

Nilitaka kumwambia mimi ndiye niliyeanza kulivaa. Nimemtazama usoni, nikamsogezea kiti.

Jumatano, 22 Oktoba

Tumelala siku mbili kilimani, chumbani kwa Stéphane. Yeye amelala kwenye kiti. Godoro zuri, hewa nzuri. Sijapata usingizi. Mnara wa simu dirishani kabisa!

Nimefikiri sana. Kila mtu ananiambia nilichagua vibaya. Vibaya? Niliitaka hoteli ili nipate jina. Nimelipata. Kama ningelala kilimani kama watu wote, mtoto angeitwa Stéphane. Bonde limefanya kazi yake.

Aimée anataka turudi Pasaka. Nimeshaanza kutazama picha. Iko moja nzuri, chini zaidi ya ile, mifereji miwili, upande huu na upande ule. Nimemtumia mapokezi ujumbe wa sauti. Wamejibu wakiuliza kama najua kuogelea. Nimewajibu sisi wa Masisi tunajua kuondoka.

Aimée amesema pia kwamba Mungu akijalia, wa pili angependa awe msichana. Nimepiga hesabu. Jina la msichana linalofaa ni Léontine. Lakini mama yake Thierry naye yupo, na ni mtu wa kupendwa, tutashindwa tena. Njia ni moja tu. Safari hiyo itabidi apotee Léontine.

Bado sijamwambia.