Nati za Jenoveva

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Leo nimekuwa mtu wa maana. Baba Mkubwa Wanzagi ameniita mbele ya ukoo na kunikabidhi tela la marehemu baba. Sharti ni moja: Jumamosi nifikishe pamba ya ukoo Bunda, maana ghala la hapa Buswahili limejaa mpaka mlangoni na halipokei tena. Nikifika salama, tela ni langu moja kwa moja. Nisipofika, linakwenda kwa Werema. Werema! Mtoto wa baba mdogo, mtu wa mkokoteni wa ng'ombe. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Sikuelewa kinachochekesha.

Trekta tumeazimwa na parokia, pamoja na dereva wake Silasi. Tela ni juu yangu, kuanzia ndoano mpaka tairi. Silasi alilirudia hilo kana kwamba mimi ni kiziwi.

Tatizo ni wezi. Siku hizi nati hazipatikani madukani, kama sabuni tu. Kila mwenye tela kijijini hufungua nati zake jioni, akaacha moja moja kwa kila tairi, nyingine akalala nazo chini ya mto. Asubuhi anazikaza upya. Utumwa huo! Mimi nina akili.

Jumanne, 2 Septemba

Mpango umeiva. Mke wangu Jenoveva ni mfinyanzi. Nimemwomba anifinyangie nati. Akanigusa paji la uso kuangalia kama nina homa. Nikamweleza polepole: za kweli tunazificha, za udongo tunazivalisha kwenye bolti, mwizi akija anaondoka na vyungu. Akauliza kwa nini nisizikaze za kweli halafu nikafuga mbwa. Haoni mbali.

Amezichoma pamoja na vyungu vyake. Nimezipaka masizi na grisi. Loo! Utaapa zimetoka kiwandani.

Jumatano, 3 Septemba

Kazi imekamilika. Kila tairi lina nati moja ya kweli, bluu yake nimeifunika kwa masizi, zilizobaki ni za Jenoveva. Nati nyingine za kweli nimezifunga kwenye kitambaa na kuzizamisha ndani ya gunia la pamba. Nani atatafuta chuma ndani ya pamba?

Werema alipita, akapiga tairi teke, akasema liko imara. Baba Mkubwa naye akapiga teke lake. Kwetu huo ndio ukaguzi wote. Nilijibana nisicheke.

Ijumaa, 5 Septemba

Balaa! Leo ndiyo siku niliyopanga kurudisha nati za kweli. Nimekuta kina mama wameshashona magunia yote na kuyapanga upya. Yote yanafanana! Gunia langu lilikuwa karibu na mlango. Sasa mlangoni kuna magunia matupu na kuku.

Nikachukua kijiti, nikaanza kuyachoma moja baada ya jingine. Baba Mkubwa akanikuta. Nikajua nimekwisha. Kumbe! Akanisifu kwa sauti, akimwambia Werema, aliyekuwa anafunga ng'ombe wake ili atangulie Bunda na mzigo wake, aone jinsi mwenzake anavyokagua unyevu wa pamba. Baada ya sifa kama zile ningesema nini? Nikaendelea kuchoma.

Jenoveva ananiambia niseme ukweli, kwamba aibu ya leo ni ndogo kuliko ya kesho. Nimemwuliza kama haiamini kazi ya mikono yake mwenyewe. Vyungu vyake vinapikia ukoo mzima!

Jumamosi, 6 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Silasi alikuja na spana. Akasema, "Mimi nakaza nati kabla ya safari, hata kama mwenyewe amekaza." Nikamzuia. Nikamwambia spana inakula nati, na taifa halina nati nyingine. Akasema sawa, tela ni langu. Baba Mkubwa akapanda juu ya magunia, akapiga ishara ya msalaba, tukaondoka.

Tulikwenda vizuri! Tukapita Butiama, watu wakatupungia mikono. Tukampita Werema na ng'ombe wake. Nilimwomba Silasi apige honi. Furaha iliyoje!

Tulikuwa karibu kuingia Bunda nilipoona tairi linatupita kando ya barabara. Nikajiuliza ni la nani, na lina haraka ya nini. Kisha tela likainama. Magunia yakateremka, na Baba Mkubwa akateremka nayo, ameketi vilevile kama alivyokuwa. Hakuumia. Tairi lilisimama kwenye shamba la mihogo. Silasi akaokota kipande cha nati, akakivunja kwa vidole, akanitazama. Nikatazama mihogo.

Werema akafika. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Akaanza kubeba magunia yetu kwa mkokoteni wake, kwa awamu, mpaka ghalani.

Huko ghalani karani wa mizani akapapasa gunia mikononi mwa Werema, akatoa kitambaa changu. Akapiga kelele kwamba mchanga kwenye pamba ameuona, mawe ameyaona, lakini mtu wa kuongeza uzito kwa chuma ndiyo kwanza anamwona! Werema akaapa hajui lolote. Watu wakajaa. Baba Mkubwa akazitambua nati kwa rangi ya bluu aliyoipaka marehemu baba.

Nikatakiwa kueleza. Nilieleza vizuri kabisa, tangu mwanzo. Hakuna aliyeelewa. Karani akaamuru magunia yote yafunguliwe na pamba ikaguliwe upya.

Jumapili, 7 Septemba

Tela limekwenda kwa Werema. Limeniuma sana. Baba Mkubwa alitangaza nje ya kanisa, kila mtu akisikia. Kwa huruma yake, ameamua mimi nipewe mkokoteni wa Werema, nisije nikakosa kazi kabisa.

Nimetafakari kosa lilipo. Grisi ilikuwa kidogo mno.

Mkokoteni si mbaya. Kila gurudumu linashikwa na pini moja tu ya chuma. Moja! Nje, usiku kucha, mbele ya kila mwizi wa Buswahili! Nimemwuliza Jenoveva kama udongo umebaki. Ameubeba wote akaenda kuumwaga mtoni.

Haidhuru. Huko ndiko anakouchimba.