Jino la Nyuma Analokosa Mdogo Wangu

Mkuu wa Chuo cha Meno, shikamoo.

Uliniuliza mimi ni nani hata nikupangie foleni ya watu getini. Swali zuri, mwalimu, ila uliondoka kabla sijajibu. Mimi ni kaka wa yule mwanafunzi wako wa mwaka wa mwisho, binti mfupi, mwenye maswali mengi. Nauza soksi, natengeneza simu, na sasa hivi, kwa ajili yenu, nasaka meno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Miaka mitano ni mingi. Mdomo wenyewe unafunikwa na kiganja! Mwaka wa kwanza mmemsomesha moyo, figo, mpaka goti. Goti, mwalimu? Nani anatafuna kwa goti?

2. Kisha mkampa kichwa cha plastiki atoboe meno yake. Kichwa kile hakilii, hakitemi mate, hakiumi mtu kidole. Mngeniambia tu, ningewaletea shemeji yangu. Yeye hufanya yote hayo hata kabla hajaguswa.

3. Hapa ndipo panaponikera. Eti hafanyi mtihani mpaka atibu mzizi wa jino la nyuma, na mgonjwa amtafute yeye mwenyewe. Mtihani wiki ijayo! Nyumbani mgeni akicheka tu, huyo binti kashammulika kwa tochi. Siku hizi wageni wetu wanacheka wamefumba midomo. Nikaleta kinyozi, mkasema jino lake bovu ni la mbele. Nikaleta shangazi, mkamwambia afungue mdomo, akatoa meno yote akawakabidhi mkononi. Hilo nalo kosa langu? Na asipopata jino, anarudia mwaka mzima, wakati mama ameshaanza kumwita daktari mbele ya majirani.

4. Kwa hiyo mpeni cheti leo leo. Ameiva. Mkono wake mwepesi, mimi kaka yake nathibitisha.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na kile kichwa cha plastiki kipe pole yangu.

Ni mimi, mwenye hasira kidogo na heshima nyingi,
Kaka wa Daktari

Nyongeza: Hili lisimfikie mdogo wangu. Jino analolitafuta ninalo mimi. La nyuma, kushoto, limeoza hadi mzizini, silali. Namkwepa, maana kuthibitisha ni kazi moja, kufungua mdomo ni nyingine. Basi tufanye hivi, mwalimu: mimi nakaa kwenye kiti, yeye anatibu, wewe unasimama ubavuni pake na macho hayabanduki kwenye sindano. Ukikubali, chana barua hii, na hiyo miaka mitano ifanye hata saba. Nije lini?