Mkono Mgonjwa, Herufi Nzima

Jumatatu, 4 Machi

Nimechukua fomu ya posho ya ulemavu. Kurasa nne! Miaka ishirini na sita nimeandika vibao vya mji huu, maduka, zahanati, mpaka choo cha stendi. Sasa mkono wa kulia ukishika brashi tu, unatetemeka. Tangu Desemba sijapata kazi. Kibao cha mwisho, cha kinyozi, kilisomeka kama kimeandikwa na mtu anayekimbizwa. Mama Watoto ndiye anayetulisha, kwa kufua nguo za watu, na magoti yake yamechoka. Posho ikitoka, ataacha. Nimemwahidi.

Akasema nijaze fomu hivyo hivyo nikitetemeka, wajionee. Wajionee! Afisa mzima aone herufi zangu zimelewa? Mke wangu ana huruma, lakini fani haijui.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji, mdogo wake Mama Watoto, kajitolea kuniandikia. Nimemshukuru, nimemkatalia. R yake haina mguu.

Nimegundua siri! Nikiuloweka mkono kwenye maji ya moto, unatulia dakika nne. Dakika nne, herufi tano. Nimeungua vidole viwili, lakini jina langu limekaa sawasawa.

Jumapili, 10 Machi

Nimemaliza! Gunia la mkaa limekwisha, bega limevimba. Vichwa vya kila sehemu nimeviwekea kivuli chekundu. Swali la kumi na moja liliuliza ni kazi gani siwezi kuifanya. Nimejibu KUANDIKA, kwa herufi za nakshi. Neno hilo peke yake limekula asubuhi nzima. Nililitazama mpaka chai ikapoa. Mama Watoto naye alilitazama, akashika kichwa. Uzuri humlemea mtu.

Jumatatu, 11 Machi

Ofisini. Karani kaiona fomu, kaita wenzake, ikapita meza kwa meza. Nikajua posho hiyo! Kisha daktari wa tathmini akafika swali la kumi na moja. Akavua miwani. Akauliza nani kaandika.

Mama Watoto akanifinya paja. Nilielewa. Nilishafungua kinywa kusema ni shemeji, naapa. Ndipo karani, bila kuulizwa, akadakia kwamba kazi safi namna hii lazima ni ya Rula. Rula! Mwandishi wa vibao wa mtaa wa pili, anayeitwa hivyo kwa sababu bila rula hawezi hata kuvuta mstari! Damu ikanipanda. Nikasimama, nikasema ni mimi, kwa mkono huu huu, na kama hawaamini walete karatasi nyingine.

Daktari akaandika kitu. Njia nzima Mama Watoto alitembea mbele yangu kashika kiuno. Nilijisikia vibaya, nakiri.

Jumanne, 12 Machi

Mungu si Athumani! Daktari kapiga simu. Ana shaka, kwa hiyo Ijumaa nikaandike KARIBU kwenye ukuta wa mapokezi, mbele yake. Nikishindwa, posho ni yangu. Mama Watoto kacheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Kasema safari hii hakuna hata haja ya ujanja: nishike brashi, nitetemeke, tule. Kweli kabisa. Mtihani wa kufeli, nani ataniweza?

Jioni shemeji kaleta habari kuwa Rula kasikia, naye atakuja kutazama.

Ijumaa, 15 Machi

Jana, Mama Watoto alipokwenda kufua, nilikata herufi sita kwenye kadibodi, matundu matupu. Leo nikaingia nayo chini ya shati. Nikaomba wote wasimame mbali nyuma yangu, eti pumzi zao zinaharibu rangi. Nikaibana ukutani kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukatetemeka juu yake utakavyo, kadibodi ikarudi shatini. KARIBU! Hakuna herufi iliyoyumba. Karani kapiga makofi. Rula kaondoka bila kuaga.

Daktari kaandika kwenye faili langu: anaweza kazi. Nimeuona mwandiko wake. Aibu tupu! K imeangukia A, na mtu huyo ana mshahara.

Mama Watoto alikaa chini pale pale sakafuni, akalia. Nimemwambia asihangaike, rufaa ni ndani ya siku thelathini. Fomu yake ina kurasa nane. Nimeshanunua rangi ya dhahabu.