Nimeposa Kwenye Ukungu

Jamani, aibu ya leo sina pa kuiweka.

Nimetoka Makambako asubuhi, jua linawaka, nimevaa shati jepesi la kutokea. Naenda Kifanya na mchumba wangu, Rehema, kujitambulisha kwa baba yake. Mzee alishasema wazi: "Vijana wa Makambako hawana salamu. Binti yangu simtoi kwa mtu asiye na adabu." Wiki nzima nimefanya mazoezi ya salamu ya Kibena. (Mbele ya kioo. Kwa magoti.)

Tunafika, tunaambiwa mzee yuko kileleni, anafyeka njia ya kuzuia moto kwenye miti yake. Haya, tukapanda. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, kwa hiyo sikunyamaza.

"Unaona, Rehema, huu mwamba ni graniti. Mvua imebeba udongo wote, limebaki jiwe tupu. Na upepo ukipanda kutoka bondeni unapoa, unyevu unageuka..."

"Ukungu," akamalizia. "Huo hapo. Vaa sweta."

Sweta! Sikuwa nalo. Ukungu ukatumeza. Rehema akasimama kuvaa lake, mimi nikatangulia nikitetemeka.

Kileleni nikamwona mzee. Amekaa, koti jeusi, kofia kichwani, kimya. Nikapiga goti kwenye jiwe lililolowa.

"Kamwene, baba!"

Kimya.

"Kamwene sana, baba!"

Kimya. Nikajua nimekataliwa. Machozi yakanitoka, kweli kabisa. Nikamwaga yote: nampenda Rehema, nitamtunza, sitamnyanyasa, hata pombe nimeacha (nimepunguza). Meno yanagongana, lakini naendelea tu.

"Kijana," sauti ikatoka nyuma yangu. "Hiyo ni bikoni, jiwe la alama la wapima ardhi. Nilitundika koti na kofia, kazi ilinitoa jasho."

Nikageuka. Mzee huyu hapa, panga mkononi. Rehema pembeni yake, amekaa chini kabisa kwa kucheka.

Mzee akanitazama. Akaitazama bikoni. Akachukua koti, akanivika mimi.

"Aliyeliheshimu jiwe hivi, mimi hatanidharau. Twende tukale. Washenga waje."

Jamani, moyo umetulia! Sasa hivi niko jikoni kwao, karibu na moto, nakula viazi, mama mkwe ananiongezea.

Ushauri kwa wote wenye ukwe milimani: usimsalimie mtu mpaka umemwona akipumua.