Kichwa kwa Gaspari, Mkia Kwangu

Jumanne, 8 Julai 1986

Azimio ameondoka tena. Saa kumi na moja jioni, kama karani anayefunga ofisi. Amekula ndizi zangu na maharage yangu, akalamba sufuria, akapiga chafya, akavuka mpaka kwenda kwa jirani yangu Gaspari. Hata kugeuka kunitazama hakugeuka.

Niweke jambo wazi kwa yeyote atakayesoma haya nikishakufa. Mbwa ni wangu. Nilimtoa Nyakasimbi akiwa mdogo wa kuenea kofiani. Jina nilimpa mimi, baada ya kufikiri, nikalitoa kwenye Azimio la Arusha. Watu wa hapa Kituntu huwaita mbwa wao Simba au Popi, kwa uvivu wa akili tu. Mimi nasoma. Sasa amezeeka, macho yameingia ukungu, masikio yamekuwa mazito, lakini njia ya kwa Gaspari haijampotea!

Gaspari ana nini? Hana redio. Hajawahi kushinda hoja hata moja katika mkutano wa kijiji. Huchuma kahawa polepole huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Mke wangu Xaveria anasema huenda mbwa anapenda utulivu. Nilimjibu kwa urefu. Alilala kabla sijafika kwenye hoja ya pili.

Alhamisi, 10 Julai

Nina mpango. Dagaa!

Nilikwenda dukani kwa Seif. Akauliza kama nina wageni. Nikasema yupo mmoja, anastahili heshima. Nikachanganya dagaa na mchuzi, nikampa Azimio kwa mkono wangu. Alikula wote. Akanilamba vidole. Nilimwambia Xaveria kwamba tatizo hili tangu mwanzo lilikuwa la kiuchumi.

Saa kumi na moja akainuka, akacheua dagaa, akaenda kwa Gaspari.

Baya zaidi: Gaspari aliita kutoka upande wake wa mpaka kunishukuru. Eti, ahsante jirani, mzee wetu leo amekula vizuri. Wetu! Mtu amenyang'anya mali mchana kweupe, halafu anagawa umiliki kwa upole.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekosea sayansi. Mbwa asiyeona vizuri huishi kwa pua. Kwa hiyo tatizo si tumbo, ni harufu.

Gaspari alikwenda Kiruruma kumwona shemeji yake. Koti lake lilikuwa limeanikwa nyuma ya nyumba. Nililiazima. Sikumwomba kwa sababu hakuwepo, na mtu asiyekuwepo haombwi. Nikalivaa, nikaketi uani.

Azimio alikuja. Akanusa mkono, akanusa mfuko, akalaza kichwa chake gotini kwangu. Mchana kutwa! Siafu walinipanda mguuni, sikujitikisa. Nilitamani kijiji kizima kipite kione.

Aliyepita ni Gaspari. Alirudi mapema. Akasimama penye mramura, ule mti tuliopanda kuonyesha mpaka, akalitazama koti lake, akaniuliza taratibu kama nahisi baridi. Nikasema ndiyo. Akaniambia nikae nalo mpaka baridi ipungue. Kisha akaenda zake, na Azimio nyuma yake.

Xaveria alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nimemrudishia Gaspari koti lake. Nimemtumia kupitia kwa mkewe, ili asipate nafasi ya kunihurumia.

Jumapili, 13 Julai

Azimio amekufa.

Xaveria ndiye aliyemwona, asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani. Amelala chini ya mramura, juu ya mpaka kabisa. Kichwa kwa Gaspari, mkia kwangu. Nilichuchumaa pale nikamshika sikio. Lilikuwa na umande. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Gaspari akaja na jembe, akaanza kupima pa kuchimba upande wake. Nikamwambia aondoe jembe. Nikamweleza kwamba kichwa huonyesha tu mnyama alikuwa akielekea wapi, lakini mkia huonyesha alikotoka, na mali hufuata alikotoka. Akasema, sawa jirani, nisamehe. Angebisha kidogo tu, ningejisikia vizuri zaidi.

Watu walikusanyika. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Kahigi, akaitwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na jambo la kwanza alilofanya ni kunikataza kupiga kelele barabarani kwamba Azimio amekufa, maana kuna watu wa chama wanapita, na hataki kuandika maelezo. Jambo la pili, akakumbusha desturi: kibanja, yaani nyumba na shamba lake, kinachopokea maiti ndicho kinachofiwa. Akauliza mfiwa ni nani.

Mimi! Nilijibu kabla hajafunga mdomo.

Akasema, Cassian, huyu ni mbwa. Nikasema si mbwa, ni mtu wa nyumba yangu. Akaniuliza mara ya pili, huku akiwatazama wenzake kwa namna ambayo niliichukulia kuwa ni heshima. Nikaapa mbele ya wote.

Gaspari aliomba jambo moja tu, abebe kichwa. Nikakataa. Lakini Azimio alikuwa mzito kwa mtu mmoja. Gaspari akabeba kichwa.

Jumatatu, 14 Julai

Niliamka kuchuma kahawa. Imeiva, nyekundu kama macho ya mlevi. Nikafungua mlango. Uani watu! Majembe wameyaacha langoni, kama inavyofanyika penye msiba. Wanawake wameleta nyasi, wakazitandaza sebuleni bila kuniuliza. Wote wananong'ona. Pole mfiwa. Pole baba Kantengwa.

Mzee Kahigi akanikumbusha kwamba mfiwa hashiki jembe wala hachumi kahawa mpaka matanga yaondolewe. Na kwamba waombolezaji hawakai makoo makavu. Akasema hivyo akitazama upande wa mgombani, uliko mtumbwi wangu wa rubisi, pombe ya ndizi niliyoikamua humo kwa ajili ya watu wa kunisaidia kuchuma. Ilikuwa imeiva. Kilima kizima kilikuwa kinainusa tangu jana.

Nikapinga. Matanga ni ya binadamu! Mzee Kahigi akashangaa, kwa ustadi mkubwa. Akasema jana niliapa kwamba huyu si mbwa. Kama nafuta kiapo, hakuna ubaya, matanga yatahamia kwa Gaspari.

Kwa Gaspari!

Rubisi nilimimina mwenyewe.

Ndipo Gaspari akaingia, ndani ya lile koti. Akaketi pembeni juu ya nyasi, akalia. Hakupiga kelele, machozi yalishuka tu. Watu wote wakaniacha wakamwendea. Pole Gaspari. Jikaze Gaspari. Juu ya nyasi za sebule yangu! Wameshika vibuyu vyangu! Nikaanza kulia kwa nguvu kuliko yeye. Nikapaliwa. Mama mmoja akanishauri ninywe maji. Nikasimama, nikatoa hotuba kuhusu haki za mwenye mali. Bibi mmoja akauliza kama ndiyo sala ya mwisho.

Halafu mzee Kahigi akamtaka Gaspari aseme neno.

Gaspari alisema kwamba mwaka wa sabini na tisa, nilipopanda lori kwenda vitani na mgambo, Azimio alikataa kula. Kila jioni alikwenda njia panda, pale lori liliponichukulia, akaketi. Gaspari aliogopa fisi, akawa anakwenda kukaa naye. Nikarudi, nikiwa mzima, na mbwa alifurahi sana. Lakini ile saa haikumtoka. Ikifika kumi na moja alimfuata Gaspari, wakaenda njia panda kunisubiri. Gaspari akasema alijaribu kumweleza: mwenyewe yuko nyumbani, anabishana na redio. Mbwa hakusikia. Basi wakawa wanakwenda.

Watu walicheka alipotaja redio. Kisha hawakucheka tena. Xaveria akatoka nje akifunika uso kwa khanga.

Na mimi nikatoka. Nikaenda mgombani, pale tulipomzika. Nyasi zile zina vumbi, huingia machoni. Nilikaa huko mpaka wakamaliza rubisi.

Jumatano, 16 Julai

Matanga yameondolewa. Mtumbwi mkavu. Nusu ya kahawa imedondoka.

Nimelitafakari suala hili kwa utulivu, kama mtu aliyesoma. Nimefikia hitimisho. Miaka yote hiyo Gaspari amekuwa akienda njia panda na mbwa wangu, kunisubiri mimi, na hakuwahi kunialika hata siku moja.

Nimemwambia Xaveria. Amesema hajawahi kuona mtu anaalikwa kwenda kujisubiri mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyo, hafuati hoja.

Jumamosi, 19 Julai

Saa kumi na moja nilikwenda njia panda. Kukagua tu.

Gaspari alikuwepo. Amekaa kwenye nyasi, peke yake. Nikamuuliza anamsubiri nani. Akasema hajui, miguu imemleta. Pembeni yake palikuwa na kipara ardhini, nyasi hazioti, ukubwa wa mbwa aliyejikunja. Niliketi upande wa pili wa kipara. Hakuna kati yetu aliyekikalia.

Lori la kahawa lilipita kwenda Kayanga. Vumbi likatua. Upepo ukaingia, Gaspari akanitandikia nusu ya koti lake mabegani bila kuniuliza kama nahisi baridi. Nililiacha. Tulikaa mpaka vilima vya ng'ambo vikawa vyeusi. Sikumbuki tulibishana kuhusu nini. Nadhani hatukubishana.

Nikaaga. Nilipofika mbali kidogo niligeuka. Gaspari alikuwa ameinama, amelaza kiganja chake juu ya kile kipara, anakipapasa polepole kama mtu anayepapasa mgongo.

Kumbe! Alikuwa ananisubiri niondoke, abaki naye peke yake!

Kesho nitakwenda saa kumi.