Kizibo kwenye Mota ya Winchi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Sekenke. Baridi. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisibebe kitu. Hakutaja winchi. Nimefungua mota ya haidroliki, inayozungusha winchi ya kikundi chetu cha wachimbaji kwa nguvu ya mafuta, na kuifunga upya. Nataka nife nikiitwa fundi wa winchi, si babu aliyekuwa fundi. Laurenti naye anaitaka kazi hiyo. Kaniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akauliza kama mota yangu ni ya kuvuta mawe au ya kumwagilia mchicha.

Jumanne, 4 Juni
Nimepima kwa siri. Pistoni zikilika, mafuta hupita pembeni, hushuka kwenye mwili wa mota na kurudi tangini kwa mpira mdogo. Yakirudi mengi, nguvu imepotea bure. Nikachomoa mpira, nikakinga ndoo dakika moja. Lita tisa. Nikabadilisha ndoo. Tisa. Kesho mwenyekiti, mama Yasinta, atapima mbele ya wote. Zikizidi tatu, kazi ni ya Laurenti.
Nimechonga kizibo cha mti. Nimekitoboa kidogo katikati, ndoo ipate chochote. Nimekigongomea pale mpira unapoanzia.

Jumatano, 5 Juni
Lita moja na nusu! Mama Yasinta akasema wazee wa zamani walisoma kweli. Laurenti akachutama kuiangalia mota. Wakapakia mawe, winchi ikavuta. Katikati ya safari, mafuta yaliyokosa njia yakajaa ndani na kuing'oa sili ya shafti, ile inayozuia mafuta yasitoke nje. Laurenti akaoga mafuta. Nilifurahi kidogo. Kisha mzigo ukaporomoka, na chini alikuwa Peniel, mchimbaji mwenzetu. Mawe yaliangukia hatua moja kutoka miguuni pake.

Alhamisi, 6 Juni
Wanasema Laurenti aligusa kitu alipochutama. Wanataka kumfukuza. Sikukanusha. Miaka mitatu ya chuo cha ufundi, na sikukanusha.

Ijumaa, 7 Juni
Binti yangu Lea aliniambia baba, siku ya pili leo uji huugusi, sema ulichofanya. Nikamwambia. Akanishika mkono hadi shimoni, nikakiri mbele ya wote, nikakitoa kizibo. Peniel akauliza kama nilikuwa natafuta wa kunisindikiza kaburini. Hakucheka. Nikamwomba msamaha, akanipa mkono. Laurenti akasema mzee pumzika, kazi zipo za kukaa. Nililia. Sasa naweza kufa.

Jumapili, 9 Juni
Sijafa. Laurenti ameweka pistoni mpya. Lita mbili tu, mafuta yakiwa baridi. Kesho asubuhi mama Yasinta atapima tena, ndipo amkabidhi kazi.
Mafuta yakipata moto huwa mepesi, na mepesi huvuja zaidi. Hilo chuoni walitufundisha vizuri.
Nimemwomba Lea anipeleke mapema, kabla ya watu, na jiko la mkaa. Nitakaa nalo kando ya tangi. Nimemwambia ni kwa ajili ya kifua changu.