Bendera ya Saa Sita

Jumapili, 4 Mei

Leo nimejitazama kwenye kioo cha kabati dakika kumi nzima. Luteni Jaifar! Mabega yapo. Kidevu kipo. Kilichobaki ni cheo tu.

Wiki ya mwisho hapa shule ya matayarisho, Bawshar, mjini Maskati. Miezi mitatu ya hesabu, Kiingereza, gwaride na mbio, ili tukiingia chuo cha maafisa wa jeshi tusiwe washamba. Alhamisi ni paredi ya kuagana, na wakubwa wa chuo watakuja kututazama. Mmoja wetu atabeba bendera mbele ya wote. Mmoja tu! Bibi keshawatangazia majirani zetu wote wa Ansab kwamba mmoja huyo ni mimi. Sikumkatalia. Nimkatalie ya nini?

Kikwazo ni kimoja, jina lake Mutasim. Kwao Wadi Kabir, baba yake ana gereji. Miguu mirefu, adabu tele, huna pa kumshikia kosa. Kila asubuhi hunipitia kwa gari lake tukaenda shule pamoja, wala hajawahi kulalamika. Mtu wa namna hiyo anakera sana.

Jumatatu, 5 Mei

Sajini Yaqdhan, mkufunzi wetu, ametangaza kwa Kiarabu: bendera itashindaniwa kwa mbio, kesho, siku isiyo na masomo, as-saa sitta. Yaani asubuhi na mapema, kwa Kiswahili chetu saa kumi na mbili, jua halijawa kali. Mutasim hakuwepo, kampeleka mama yake kung'oa jino. Sajini akaniagiza mimi nimfikishie habari. Mimi!

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Mutasim na mimi sote ni watoto wa nyumba za Kizanzibari, tukiwa wawili ni Kiswahili tu. Na kwa Kiswahili saa sita ni saa ngapi? Mchana kati! Nikamwandikia: "Mbio za bendera kesho saa sita." Sijasema uongo hata herufi moja. Sajini kasema sita, na mimi nimesema sita. Mutasim atafika adhuhuri, atamkuta mfagiaji, na bendera itakuwa imeshakuja kwangu.

Kanijibu ahsante sana ndugu yangu. Nikazima simu kabisa, asije akauliza zaidi. Kesho nitakwenda kwa teksi, na kuamka ataniamsha Bibi. Sijaona mpango safi kama huu tangu nizaliwe.

Jumanne, 6 Mei

Msiba!

Baada ya sala ya alfajiri niliona bado mapema, nikasema nijinyooshe kidogo. Baba na Mama wako Salalah wiki hii, kwa hiyo nikamwomba Bibi aniamshe saa tano. Kichwani mwangu ilikuwa tano ya Kiarabu, tano ya kwenye simu, saa nzima kabla ya mbio. Lakini Bibi kazaliwa Unguja, na saa yake bado iko Unguja. Nimefumbua macho jua liko utosini na nyumba nzima inanuka pilau. Bibi kakaa pembeni ya kitanda, saa ya ukutani kaiteremsha, kaipakata. "Inuka, baba. Tano kamili. Toka asubuhi nnaitazama, nisije nkakukosea."

Kumbe hilo lilikuwa nusu ya msiba. Mutasim alikuja alfajiri kunichukua, kama kila siku. Bibi akamwambia mlangoni kwamba nimelala, na kwamba nimesema niamshwe saa tano. Mutasim akadhani sitaki tena mbio. Bibi akampa vitumbua vitatu, naye akaenda zake. Nimewasha simu nikakuta salamu zake: kashinda. Tena na vitumbua tumboni!

Nikamuuliza ilikuwaje akafika asubuhi. Akashangaa. Nani atawakimbiza watu saa sita ya mchana, Maskati, mwezi wa Mei? Alijua tu nimeandika saa ya Kiarabu kwa haraka.

Hilo la jua sikulifikiria. Lakini mpango wenyewe ulikuwa mzuri.

Jumatano, 7 Mei

Sajini kaniita ofisini. Anayekosa mazoezi bila ruhusa hufutwa kwenye orodha ya wanaopelekwa chuoni. Akachukua kalamu, akaiweka juu ya jina langu. Sasa si bendera tena, ni jeshi lenyewe! Nikamwona Bibi akipita nyumba kwa nyumba hapo Ansab akiwaambia majirani kwamba basi, mjukuu haendi tena jeshini. Niliogopa, sifichi.

Mutasim akabisha hodi, akaingia kunitetea. Sajini ni mtu wa Nizwa, Kiswahili hakijui. Akaelezwa kwamba sisi saa tunaanza kuzihesabu jua likichomoza, kwa hiyo tano yetu ni kumi na moja yao, na Bibi hana kosa. Sajini akacheka mpaka kofia ikamtoka. Akaiokota. Akahesabu kwa vidole. Akaniuliza polepole, basi ile sita niliyompelekea Mutasim, ilikuwa sita ya nani?

Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipiga rangi vizuri. Mutasim naye akavitazama.

Hukumu: jina linabaki. Ila kwenye paredi nitasimama safu ya mwisho, na leo nizunguke uwanja mara tatu, peke yangu, saa sita. Ya Kiswahili! Sajini kakaa kivulini na jagi la maji ya barafu, Mutasim ananihesabia mizunguko. Masikio yameniungua. Lakini nimemaliza wa kwanza. Kwamba hakukuwa na mwingine uwanjani, hilo si kosa langu.

Alhamisi, 8 Mei

Paredi! Safu ya mwisho, nyuma ya jitu refu kama mnara wa simu. Nilipiga mguu mpaka vumbi likaruka, na sidhani kama kuna aliyeniona. Bibi alikuja na buibui jipya, miwani kaisahau nyumbani. Bendera ilipopita akasimama, akapiga vigelegele: "Jaifar wangu huyo! Mtazameni!" Mpaka wageni wa chuo wakageuka. Aliyebeba bendera, Mutasim, alisikia kila neno. Hakupepesa hata jicho.

Baadaye Bibi akanishika uso kwa mikono miwili. Kasema lau marehemu Babu angekuwepo leo. Nilitaka kumwambia kweli. Wallahi nilitaka. Mutasim akaja akanitia bendera mkononi, akasema nishike, Bibi apate picha. Nikaona haya, haya ya kweli, macho yakaniwasha.

Picha imetoka nzuri mno.

Ijumaa, 9 Mei

Orodha ya chuo imetoka. Thelathini na moja, na mimi ni wa thelathini na moja. Nimo! Bibi kalia, nami nikalia kidogo, kiaskari.

Kisha kaituma ile picha kwenye kundi la familia: mjukuu wake, mbeba bendera. Pongezi zimemiminika toka Unguja mpaka Pemba. Nimezijibu zote kwa unyenyekevu. Mchana Shangazi Rahila kapiga simu kutoka Unguja, keshakata tiketi. Anakuja mwezi ujao, siku ya kuapishwa chuoni, anione nikibeba bendera kwa macho yake. Na macho ya Shangazi ni mazima.

Mutasim ni wa kwanza kwenye orodha. Bendera watampa yeye, labda siku hiyo achelewe kidogo. Kwa hiyo nimekaa nikalichambua kosa langu la wiki hii kwa utulivu, kama afisa. Nimeliona. Lilikuwa kosa la lugha.

Safari hii nitamwandikia kwa Kiarabu.